Unataka kupima mate ya watumia tumbaku Moshi? Anza na kichupa

Nimekusanya mate Majengo, Pasua mpaka vijiwe vya boda Kiborloni, na kila nikimsikia mwanafunzi anapanga kupima msongo wa oksidesheni, yaani zile radikali huru za tumbaku (chembe kali zinazoharibu seli) zinavyozidi nguvu ya mwili kuzizima, halafu anaongelea mashine tu, namwambia aisee shida iko kwenye kichupa, yaani mate yanavyokusanywa.

Ukimwambia mzee wa huku tema mate, anakohoa kwanza anakupa makohozi, maana kipimo anachokijua ni cha TB. Sasa mwambie taratibu, shikamoo babu, inamisha kichwa, usikohoe, acha mate yajikusanye yadondoke yenyewe. Iwe asubuhi, hajala hajavuta hajapiga mswaki angalau lisaa, asukutue na maji, msubiri dakika kama 10. Mate yakija na damu yaweke pembeni. Fizi mbovu zenyewe zinapandisha MDA, ile alama ya mafuta ya seli yaliyoharibiwa na radikali, hata kwa asiyevuta, kwa hiyo lazima mtu wa meno azicheki, na usidanganyike na rangi ya meno, upande wa Arusha na Meru kuna watu meno ya kahawia kwa floraidi ya maji na sigara hawajawahi kushika.

Usiulize "unavuta?" tu. Bibi atakujibu sivuti mwanangu, na kweli havuti, ila ugoro uko chini ya mdomo, tena umechanganywa na magadi yanayofanya nikotini ipenye haraka. Uliza kuvuta, kunusa, kubwia, yote. Ukiwa na wasiwasi pima kotinini, yaani mabaki ya nikotini mwilini, kwenye mate hayohayo.

Halafu kuna hii wengi wanairuka: antioksidanti (kizima radikali) kubwa ya kwenye mate ni asidi ya yuriki, na nyama na pombe zinaipandisha, so ukimkamata mtu Jumatatu baada ya wikiendi ya mbege na kitimoto, kipimo cha jumla cha antioksidanti kinaweza kutoka kizuri ukaandika mvutaji ana kinga nzuri, kumbe kitimoto!

Sampuli iende kwenye barafu hapohapo, usizunguke nayo kwenye daladala na jua lile.

Na mtu akikuuliza dokta nina kansa, mwambie hizi namba ni za kulinganisha kundi na kundi, hazijibu hilo. Ila ukimuona na kidonda au doa jeupe mdomoni lililopita wiki 2 bila kupona, mpeleke kliniki ya kinywa siku hiyohiyo, utafiti utasubiri.