Macho ya kijana yanawasha kila kiangazi, matone ya dukani yananichanganya

SWALI: Daktari shikamoo. Niko Arua, kijana wangu ana miaka 8, macho yanamsumbua tangu ana 4. Yanakuwa mekundu, anayafikicha mpaka usiku, asubuhi tongotongo zinavutika kama uzi. Kiangazi cha Desemba ndo balaa. Juzi mwalimu kamrudisha nyumbani eti ataambukiza wenzake. Duka la dawa wananiuzia kachupa ka matone, siku mbili tu macho meupe, nikiacha yanarudi, huu mwaka wa pili. Jirani anasema nimtie maziwa ya mama. Nifanyeje? – Mama Kijana

JIBU: Marahaba mama. Hayo maziwa waachie watoto wachanga wanywe, kwenye jicho yanaweza kuingiza vijidudu, na mkojo na maji ya majani nayo ni hivyo hivyo.

Hiyo inaonekana ni aleji ya macho, na kwa umri wake na vile imekaa miaka, nadhani ni ile madaktari wanaita venali, inapenda sana watoto wa kiume huku kwetu kwenye joto na vumbi. Neno kubwa kwenye barua yako ni kuwasha. Macho mekundu ya kuambukiza, kama yale ya mlipuko wa 2024, mara nyingi huanza jicho moja yakahamia la pili, mtu anasikia kama mchanga umeingia, na wiki moja au mbili yameisha, hayakai miaka minne. Venali inashika macho yote mawili, weupe wa jicho unageuka rangi ya udongo, na daktari akigeuza kope la juu anakuta vinundu vimepangana kama mawe ya barabarani.

Sasa hako kachupa. Dawa inayosafisha macho siku mbili halafu ukiacha yanarudi, mimi moja kwa moja nafikiria steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, soma kibandiko uone kama kimeandikwa dexamethasone au betamethasone, mara nyingi wanaichanganya na antibayotiki ndo maana watu wanadhani ni dawa ya vijidudu. Siyo sumu, hata sisi tunaiandika, lakini kwa muda mfupi na tunapima. Ukitia miezi na miezi presha ya jicho inaweza kupanda, na presha haiumi, mtoto anacheza mpira tu huku mshipa wa kuona unakufa pole pole, hiyo ndo glakoma na kilichopotea hakirudi. Inaleta na mtoto wa jicho pia, kwa mtoto wa miaka 8! Hili linaniudhi kuliko aleji yenyewe.

Kwa hiyo usinunue chupa nyingine, wiki hii mpeleke kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya hapo Arua, beba hiyo chupa waione, omba wampime presha ya macho. Wakikubali ni aleji watampa pengine olopatadine mara mbili kwa siku, au kromoglikeiti mara nne, hii ya pili ni ya kuvumilia, inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wazazi wengi wanaitupa siku ya tatu eti haina nguvu. Anza kabla kiangazi hakijafika.

Kufikicha nako kuna hatari yake, kioo cha jicho kinaweza kuwa chembamba kikachomoza mbele kama ncha ya yai, na miwani ya kawaida haisaidii tena. Akiwashwa mwekee kitambaa cha maji baridi, akitoka vumbini anawe uso, kofia pia inasaidia. Akishindwa kufungua macho kwenye mwanga, au jicho linauma, au umeona doa jeupe kwenye mboni, hiyo ni siku hiyo hiyo hospitali.

Wengi wakishabalehe inapungua yenyewe. Mwalimu mwambie aleji haiambukizi, na akitaka karatasi watamwandikia huko huko hospitali.