Kama unataka kurusha helikopta, Alhamisi usiende uwanjani

Umeuliza hapa jukwaani mambo manne: kama miwani itakuzuia, rubani wa helikopta jeshini hulipwa ngapi, masomo huchukua muda gani, na kama ni sawa kwenda usajili wa makuruti, yaani askari wapya wa kawaida, Alhamisi hii "niingie kwanza, urubani nitauombea nikiwa ndani". Una miaka 20 na B+ ya KCSE. Hilo la nne nimelisoma nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, nikashindwa kungoja nifike nyumbani.

Usiende.

Hayo maneno "niingie kwanza" yalikula miaka 9 yangu. Nilikuwa kijana wa Umoja, nina B yangu safi, hesabu na fizikia ziko sawa, na helikopta ikipita juu ya ploti yetu natoka nje mbio hata kama nimeshika sufuria ya moto. Mjomba akaniletea tangazo la makadeti, yaani wanafunzi wa uofisa, alilolikata gazetini. Fomu ilikuwa mkononi mwangu! Lakini kulikuwa na jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, mtu wa kuheshimiwa kwenye ploti, na baba akaniambia nimuulize yeye kwanza. Mzee akaisoma ile karatasi, akanirudishia, akasema, "Hii ni ya watoto wa wakubwa. Wewe ingia kama kuruti. Jeshi mlango ni mmoja, ukishakuwa ndani unageuza."

Nikaikunja fomu nikaiweka chini ya godoro. Ilikaa hapo mpaka tarehe ikapita.

Sitamtaja jina. Lakini ningependa ajue kwamba hakuwahi kumwona hata mtu mmoja "akigeuza" namna hiyo. Nilimuuliza baadaye, niliporudi likizo. Akaniambia alisikia tu. Mtoto wa mtu anakuuliza kuhusu maisha yake yote, wewe unamjibu kwa jambo ulilolisikia tu, tena kwa sauti ya mtu aliyeona kwa macho. Mpaka leo nikipita mlango wake, najilazimisha kumsalimia.

Siku ya usajili nilikimbia vizuri, nikapimwa urefu na uzito, nikakaguliwa meno na nyayo. Kufika mezani kwa vyeti, ofisa mmoja akaangalia matokeo yangu, kisha akaniangalia mimi. "Kijana, na B hii umekuja kutafuta nini hapa?" Nikasimama wima nikapaza sauti: "Kutumikia nchi, afande!" Watu wakapiga makofi. Nilidhani amenisifu. Yule ndiye mtu pekee aliyenionya siku ile, na swali lake nililielewa miaka mitatu baadaye.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo uzi mzima umekaa. Katika KDF, jeshi letu la Kenya, rubani ni ofisa. Ofisa huanza kama kadeti pale Lanet, Nakuru, anamaliza mafunzo, anapewa kamisheni, yaani cheo cha uofisa, na baada ya hapo ndipo wachache huchujwa kwenda kujifunza kurusha ndege. Kuruti anapelekwa Eldoret, anatoka akiwa askari, na anapangiwa kazi za askari. Ni kazi za heshima, na bila hizo hakuna ndege inayopaa. Lakini usukani haumo ndani yake. Hata maombi hayafanani: kadeti huomba mapema na kusubiri kuitwa, kuruti hujitokeza uwanjani siku iliyotangazwa. Kwa kuruti hata mwenye D+ hupokelewa. Kwa kadeti wanataka gredi za B, na alama nzuri za hesabu, Kiingereza na sayansi. Wewe unazo, halafu unataka kuzipeleka mahali ambapo hakuna anayezihitaji.

Mfano uko wazi kwa kila Mkenya. Marehemu Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, tuliyempoteza kwenye ile ajali ya helikopta ya jeshi tarehe 18 Aprili 2024, aliingia jeshini Aprili 1984. Mei 1985 akapewa kamisheni ya luteni wa pili, akapelekwa Jeshi la Wanahewa, akafundishwa urubani wa ndege za kivita. Kamisheni ilitangulia, ndege ikafuata.

Na ile video uliyobandika, ya kijana wa Marekani aliyeanza kama askari wa kawaida sasa anarusha Black Hawk, ni ya kweli, lakini ni ya kwao. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina marubani wengi wa helikopta wenye cheo cha waranti ofisa. Askari wao, hata raia aliyemaliza sekondari tu, anaweza kuomba njia hiyo. Anafanya mtihani wa urubani, anapita kozi ya waranti ofisa, kisha anafundishwa kurusha kule Fort Rucker, Alabama. Kwetu waranti ofisa ni askari mkongwe aliyepanda ngazi kwa miaka mingi mpaka juu ya sajini. Cheo kinaitwa jina lile lile, kazi ni mbali kama Lamu na Lodwar. Wengi hapa jukwaani wanachanganya hizo mbili, na wawili wameshakujibu hapo juu kwa makosa hayo hayo.

Mimi nilipangiwa udereva, na baadaye lori la mafuta ya ndege. Kila asubuhi nachota sampuli kwenye chupa ya kioo niangalie kama kuna maji au uchafu, nafunga waya wa kuondoa umeme tuli kati ya lori na helikopta, ndipo navuta mpira wa kujazia mafuta. Niliipenda kazi, na niliifanya kwa moyo. Siku moja akaja luteni mgeni kukagua helikopta yake, MD 500. Nikamtazama usoni. Nilipokuwa kiranja kidato cha nne, yeye alikuwa kidato cha kwanza, na mimi ndiye niliyemwonyesha kitanda chake bwenini. Akanitambua. Akanisalimia kwa adabu kabisa, hata akaniita "kaka". Nikampigia saluti, nikamwambia, "Mafuta yako tayari, afande." Akapaa. Nikabaki nimeshika mpira mpaka mwenzangu akaniita mara ya pili.

Mtasema nina uchungu. Ndiyo, ninao.

Je, askari anaweza kuombea kamisheni akiwa ndani? Anaweza, na ndiyo maana uwongo huu haufi. Lakini wakubwa wako lazima wakupendekeze, nafasi ni chache, na umri haukungoji. Matangazo mengi ya kadeti niliyosoma yanaishia miaka 26. Nilipopata pendekezo la kwanza nilikuwa kwenye operesheni mbali na Nairobi. La pili lilipokuja, miaka ilikuwa imepita. Niliondoka nikiwa koplo.

Kuhusu macho, nenda kapimwe hapa mjini kabla ya lolote, na uombe pia kipimo cha kutofautisha rangi, zile duara za nukta zenye namba katikati. Rangi usipoziona sawasawa, ni heri ujue sasa. Mshahara na muda wa masomo tutaviongea ukishakuwa kwenye njia sahihi.

Tangazo la makadeti litafute kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi na magazetini. Kuomba ni bure, na atakayekutajia pesa ni tapeli hata akivaa sare. Ukikosa nafasi mara ya kwanza, una miaka ya kujaribu tena, mradi usiwe umeshaitumia Eldoret.

Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuwa hapa jukwaani. Andika alama zako za hesabu, Kiingereza na fizikia, nikusaidie kujaza fomu itakapotoka. Nikikuta umeandika uko foleni uwanjani, nitaomba namba yako nikupigie.