Swali la lugha: "Ongeza taa" au "ongeza mwanga"?

Msomaji wa Goma anayejifunza kupiga picha na filamu anauliza: "Mkufunzi wetu husema lumière kwa kila kitu. Nikiwaeleza wenzangu kwa Kiswahili, nitumie taa, mwanga, mwangaza au nuru? Na ile inayowekwa nyuma ya mtu niiiteje?"

Neno hilo la Kifaransa limebeba mizigo miwili ambayo Kiswahili huigawa. Taa ni chombo. Mwanga ni kile kinachotoka katika chombo hicho au kwenye jua. Ukimwambia msaidizi "ongeza taa", ana haki ya kwenda kuleta ya pili, na pua ya mchezaji ikapata vivuli viwili. Ukisema "ongeza mwanga", anaweza kuisogeza ileile, kwa kuwa taa ndogo ikiletwa hadi nusu ya umbali wake, mwanga unaomfikia mtu huwa mara 4. Mwangaza ningeutumia kwa hali ya mahali, kama chumba chenye mwangaza wa kutosha, na nuru ningeiachia ibada na mashairi. (Mwanga pia ni mchawi, wingi wake wanga, lakini ngeli hutuokoa: mwanga huu, mwanga huyu.) Kitendo cha kuelekeza taa kwa mtu ni kumulika, kitenzi kilichotupa kimulimuli.

Taa inayotangulia, ambayo kwa kawaida huwekwa mbele ya mtu, kando kwa nyuzi kama 45 na juu kidogo ya macho, ni taa kuu. Ile hafifu ya upande wa pili ningeiita taa ya kujazia wala si taa saidizi, maana zote husaidia, ilhali hii hujazia kivuli bila kukifuta. Hapa Goma saa sita mchana, jua likiwa karibu na utosi na mawe meusi ya volkano yasirudishe mwanga wa maana usoni, macho huzama gizani; shuka jeupe lililoshikwa usawa wa kifua hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa kuwa shuka si taa, hapo sema mwanga wa kujazia.

Kuhusu ile ya tatu, "taa ya nyuma" inaacha swali: nyuma ya mtu, au nyuma ya kamera? Tena madereva wameshaichukua. Mimi husema taa ya mgongoni, na anayepigwa picha akiwa amelipa jua kisogo, huo ni mwanga wa mgongoni.