Kama yamekupwa, yatajaa saa ngapi?

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na mama yako, naye akaangua kicheko kabla hujamaliza, kwa hiyo ukisikia kwamba tumekucheka, ni yeye.

Nimekuelewa hivi: uliandika katika taarifa ya mwezi ya kazini kwako huko Tanga kwamba "mauzo ya saruji yamepwa". Mzee mmoja wa ghalani, mzaliwa wa Tanga, akaisoma, akasema kwanza inatakiwa "yamekupwa", halafu akakuuliza mbele ya watu: "Na yatajaa saa ngapi?" Watu wakacheka, wewe ukabaki umeshika karatasi. Sasa unataka kujua kosa lako liko wapi, na kama hata ziwa letu, Tanganyika, linaweza kusemwa limekupwa.

Nianze na lile dogo. Kitenzi chenyewe, cha maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha mchanga wazi, ni kifupi mno, -pwa tu, ndugu yake -fa, -la na -nywa. Husemi mtu "amefa", unasema amekufa. Basi maji nayo yanakupwa, yamekupwa, yatakupwa. Ukikanusha, ile ku inaondoka: hayapwi, hayajapwa. Na yakipwa, vilevile haipo. (Kwenye "hayakupwa" ipo ku, lakini hiyo ni ya kukanusha wakati uliopita. Nisikurudishe darasani.) Nimelifundisha jambo hili miaka mingi hapa Ujiji na karibu kila mtoto alikosea, maana amekula amelisikia, amekufa amelisikia, lakini yamekupwa hajapata kulisikia kinywani mwa mtu. Kwa hiyo mzee amekusahihisha kwa haki, ila hapo hapana cha kuonea haya.

Kicheko kilitoka kwenye lile swali lake. Hilo nililijua kwa kupoteza ndala.

Nilifika Dar es Salaam mara ya kwanza nikiwa kijana, kwa treni, nimechoka na nina vumbi mpaka kwenye nyusi. Kesho yake mchana nikashuka baharini. Maji yalikuwa mbali, mchanga umelowa, mitumbwi imelala ubavu. Nikavua ndala, nikaziacha hatua chache kutoka majini kama tunavyofanya huku, nikaenda kutembea na kushangaa kaa. Kwetu ukiacha ndala hatua tatu kutoka ziwani, jioni utazikuta hatua tatu kutoka ziwani, labda ziibwe. Niliporudi, bahari ilikuwa imekuja hadi ukutani, na pale nilipoziacha ningeweza kuogelea. Mtu mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinitazama nikizunguka pekupeku, akaniambia, "Kijana, maji yalikuwa yamekupwa. Rudi kesho mchana, yatakuwa yamekupwa tena, utazikuta kama bahari haijazivaa."

Sikuzikuta. Lakini maji yalikuwa yametoka kweli, ila kwa kuchelewa kidogo kuliko siku iliyotangulia, nami nikapigwa na butwaa kwamba mshona nyavu alijua. Kumbe kila mtu pale alijua. Bahari ya kwenu huko inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na kitu. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku inasogea mbele kama dakika 50, kwa kuwa inaufuata mwezi, nao mwezi huchelewa kutoka kila siku. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, linakuja bamvua: maji yanapanda sana na kutoka sana, na huko Tanga tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Wanawake wanaookota kombe, wanaochokoa pweza, nahodha anayetaka kuingiza au kutoa chombo, wote hao wanaishi kwa saa hiyo. Hata jina pwani ndimo lilimotoka: pwa-ni, mahali maji yanapokupwa. Umefika kwenye mkoa uliojaa neno hili, ukalitumia kama la kuokota. Ndiyo maana akakuuliza saa.

Kwake yeye kitu kilichokupwa kinajulikana kitarudi lini. Ukimwambia mauzo yamekupwa, umemwahidi kujaa. Kama sababu ya kushuka kwa mauzo ni masika, watu wameacha kujenga mpaka mvua ikatike, basi neno lako lilikuwa sahihi kabisa na ulikuwa na jibu mkononi: "Yatajaa mvua ikikatika." Angekuita mwanawe. Lakini kama sababu ni duka jipya lililofunguliwa ng'ambo ya barabara na bei yake ni ya chini, hapo hapana kupwa. Andika yamepungua, neno lisilomdai mtu chochote. Yakikaa chini miezi mitatu bila kuinuka, yamedorora. Yakianguka kwa wiki moja, yameporomoka. Kufifia waachie taa na majina ya watu. Mimi ningependa zaidi "yamepungua kwa magunia kadhaa", lakini najua umri wako unapenda neno lenye manukato.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa na neno hili bila kuiona bahari hata siku moja. Nadhani lilikuja Ujiji na misafara, kwa ile njia ya Bagamoyo na Tabora, likabaki wakati wenye nalo wamekwisha ondoka. Mtoto akiwa na homa ya vipindi, leo kalala, kesho anacheza, kesho kutwa anatetemeka tena, alisema "homa yake inakupwa na kujaa". Hakusema imepona hata siku ile mtoto anacheza. Na mtu akikauka koo kwa kulia msibani, alisema sauti imempwea. Vilevile chombo kikiachwa na maji juu ya mchanga huwa kimepwelewa, na mtu aliyekwama hali yake naye ni hivyo hivyo. Mimi mwezi uliopita, malipo yangu ya uzeeni yalipochelewa, nilipwelewa barabara, mama yako ni shahidi.

Sasa ziwa. Hapana, mwanangu, Tanganyika halipwi. Mwezi haulivuti kiasi cha jicho kuona. Linapungua na kuongezeka kwa mvua na jua, maana maji yake mengi huondoka kwa mvuke kuliko yanayotoka kwa mto Lukuga kule Kongo. Unaukumbuka mwembe wa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, nilipowapeleka mkiwa wadogo ukaniuliza kwa nini wazungu wale, yeye na Stanley, walikutana mbali hivi na maji? Mwaka 1871 maji yalikuwa karibu zaidi na mji. Mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likapanda miaka kadhaa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1870 likaubomoa mlango wake lenyewe na kushuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Ujiji ikaachwa nyuma. Wazee waliokuwa wakichota maji mlangoni wakawa wanatembea kuyafuata. Ungewauliza yatarudi saa ngapi, wangekujibu nini?

Na miaka hii limepanda tena. Mwaka 2024 uliona mwenyewe picha za Kibirizi, maji yameingia mwaloni na vibandani, na bandarini Kigoma watu walikuwa wakipita kwa tabu. Kuna waliojenga pale kwa sababu baba zao walipaona pakavu. Mama mmoja muuza dagaa aliniambia, "Mwalimu, ziwa limedai kiwanja chake." Kiswahili kizuri kuliko changu. Kwa hiyo kwa ziwa sema limerudi nyuma, limepungua, limepanda. Kupwa waachie wenye saa yake.

Ila mwezi hata huku tunaufuata, kwa njia nyingine. Taa za wavuvi zinavuta dagaa gizani tu. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawazijali, na mitumbwi inalala nchi kavu. Wiki hii mwezi ni mpevu, wavuvi wanashona nyavu, kwa hiyo furushi alilokutumia mama yako jana ni la dagaa wa wiki iliyopita, usimlaumu. Huko kwenu basi ni bamvua. Nenda ukalitazame linavyotoka, uniambie limefika wapi, na ndala uziache nyumbani.

Baba yako,
Ujiji