Databesi ikianguka ghafla, usifute faili hata moja kabla hujakopi

Juzi kijana mmoja kanipigia simu saa tano usiku, umeme umekatika ofisini kwao, seva imezimika, umeme umerudi lakini databesi haiwaki, na swali lake la kwanza likawa "kaka, nifute faili gani?" Nikamwambia usifute chochote mdogo wangu, toa kwanza mkono kwenye kibodi. Nimeona niandike kabisa kwa sababu swali hilohilo nilishaliona likijibiwa vibaya mwaka 2017 na sitaki limpate mtu mwingine.

Ilikuwa saccos moja ya wafanyakazi, mimi nilikuwa nawasaidia mambo ya mfumo. Mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, foleni imefika mpaka nje. Diski ya seva ikajaa. Ilijaa kwa nini? Bakapu za kila usiku zilikuwa zinahifadhiwa kwenye diski hiyohiyo ya databesi na hakuna aliyekuwa anaondoa za zamani. PostgreSQL, ndiyo programu ya databesi tuliyokuwa tunatumia, ikikosa nafasi ya kuandika kumbukumbu zake inasimama papo hapo, na ndivyo ilivyofanya. Mwenzangu wa zamu akatafuta ni nini kimejaza diski, akakuta folda inaitwa pg_xlog ina mafaili kibao, kila moja MB 16, majina yake manamba marefu tu, akaona hizi ni logi tu bana, maandishi ya matukio yaliyopita, akafuta. Databesi ikagoma kabisa kuwaka. Akatafuta mtandaoni, akakuta amri ya pg_resetxlog, akaipiga, ikawaka! Watu wakashangilia, dirisha likafunguliwa, wanachama wakaendelea kuhudumiwa.

Haikupita saa moja mama wa dirisha la pili akaniita, "mwanangu, hebu njoo uone hiki kitu." Kuna mwanachama alitoa 200,000 asubuhi, salio lake limeshuka sawasawa, ila kwenye taarifa ya akaunti huo muamala haupo. Akafungua mwingine, huyo muamala upo, salio halijashuka. Nilihisi miguu imeisha nguvu, kwa sababu databesi ambayo haiwaki unajua ni mgonjwa, lakini hii ilikuwa inawaka na inajibu vizuri tu huku inatoa hesabu za uongo kuhusu pesa za watu.

Sasa nieleze kwa nini, maana ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Databesi inafanya kazi kama keshia mzuri, inaandika kwanza kwenye kitabu cha risiti, kuhamishia kwenye leja kubwa inafanya baadaye ikipata nafasi. Kitabu cha risiti ndiyo ile folda, leja ni mafaili yenyewe ya data. Kwa hiyo muda wowote ule leja kwenye diski iko nusunusu, ukurasa huu umeshaandikwa ule bado, na hiyo ni kawaida kabisa wala si ubovu. Ikianguka, ikiwaka tena inafungua kitabu kuanzia pale ilipohakikisha mara ya mwisho, inarudia kuandika kila kilichomo, na muamala ambao haukukamilika hauhesabiwi. Inajiponya yenyewe! Ukifuta kile kitabu umeipokonya dawa, imebaki leja ya nusunusu. Na pg_resetxlog haitengenezi kitu, inailazimisha tu iwake bila kuuliza kitabu kiko wapi. Makosa haya yalikuwa mengi mno duniani mpaka PostgreSQL toleo la 10, lililotoka Oktoba 2017, likabadilisha jina la folda likawa pg_wal ili watu waache kudhani ni logi za kutupa.

Tulifunga dirisha. Nikasimamisha databesi upya kutoka bakapu ya usiku uliopita, halafu miamala ya siku nzima tukaiingiza kwa mkono kutoka vitabu vya risiti, mama anasoma, mimi naandika, mtu wa tatu anatia tiki kwa kalamu nyekundu. Saa saba usiku pesa ya kwenye kasha ikatofautiana na mfumo kwa 30,000. Tukarudia kitabu kizima. Ilikuwa ni risiti moja imegandana na nyingine kwa kaboni, tulikuwa tunazisoma mbili kama moja. Mama aliitenganisha kwa ukucha taratibu isichanike, akaisoma, na hesabu ikakaa.

Kwa hiyo ikikukuta, hakikisha databesi imezimwa kabisa halafu kopi folda nzima ya data, yote, pamoja na hiyo pg_wal, weka kwenye diski nyingine. Meneja atakupigia kelele kwamba watu wanasubiri, mwambie bosi nipe nusu saa, kwa sababu ukiwa na hiyo kopi ukikosea unaanza upya na ukiwa huna umekosea moja kwa moja. Kisha soma logi ya databesi yenyewe mistari ya mwisho, mara nyingi inakwambia wazi imekwama wapi. Kama diski imejaa, hamisha bakapu za zamani au kitu kingine kisicho cha databesi. Iwashe uiache, ikisema inajirekebisha iache hata kama inachukua muda, maana ukiizima katikati inaanza tena mwanzo. Ikishawaka piga pg_dump, amri ya kutoa kopi ya data, kwa databesi nzima, hiyo inalazimisha kila mstari usomwe na palipooza mara nyingi patajitokeza, halafu ndiyo ulinganishe na karatasi. Na kama ilibidi utumie pg_resetwal (jina jipya la ile pg_resetxlog) maana umeishiwa njia, usiendelee na kazi juu yake, toa data yote uipeleke kwenye databesi mpya kisha uikague.

Wanaotumia MySQL, programu nyingine ya databesi, kuna mpangilio wa kuilazimisha iwake unaitwa innodb_force_recovery, unakwenda 1 mpaka 6. Nimeona watu wanaweka 6 moja kwa moja. Anza na 1 upande taratibu, kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja, na lengo lake ni uweze kutoa data tu, si kufanyia kazi.

Na bakapu ujaribu kuirudisha, tafadhali. GitLab, kampuni inayowahifadhia watu kodi za programu zao, tarehe 31 Januari 2017 walifuta kwa bahati mbaya data ya seva yao kuu, wakakimbilia bakapu wakakuta hakuna kitu, pg_dump ilikuwa toleo la 9.2 na databesi ni 9.6 kwa hiyo ilikuwa inafeli kila siku, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni kopi ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Data ya hizo saa sita ikapotea.

Mimi tangu ile siku kila seva ninayoisimamia naweka faili la GB 2 lisilo na maana yoyote, kwenye diski ileile ya databesi, nimelipa jina NIFUTE_MIMI. Diski ikijaa mwisho wa mwezi na mtu wa zamu ana haraka ya kufuta kitu, anakuta hilo kwanza.