Kiraka cha MB 11 kimebeba nini ndani yake?

Swali: Mimi ni mwalimu huku Mkomani, Lamu. Shule yetu ilinunua nakala halali za mchezo wa kompyuta wa kufundishia watoto, nami nikayageuza maandishi yake ya Kiingereza kuwa Kiswahili ndani ya faili moja lenye ukubwa wa MB 14. Mwalimu mwenzangu wa Malindi amenunua nakala yake mwenyewe, na ningependa ayapate maandishi ya Kiswahili bila mimi kumpa faili zima, kwa kuwa lina hakimiliki. Nilitumia programu ya kutengeneza kiraka, yaani faili dogo lenye mabadiliko tu, cha aina ya IPS, ikanitolea faili la MB 11. Nimekosea wapi, na je, nikimtumia hilo nitakuwa salama?

Jibu: Mwalimu, tafadhali usikitume kiraka hicho. Wazo lako ni sahihi kabisa, kwani anayetuma kiraka hampi mwenzake tanga zima. Humpa kipande cha kitambaa na kumwonyesha pa kukishona, maadamu tanga analo mwenyewe. Lakini kiraka cha MB 11 kwa faili la MB 14 ni tanga lile lile lililokunjwa, na kulipitisha gati la Mokowe ndani ya fleshi hakulibadilishi kuwa kitu kingine.

Kilichotokea ni hiki. Programu ya IPS hulinganisha mafaili mawili mahali kwa mahali, baiti (kipande kidogo cha data, kama herufi moja) ya 1,000 ya faili la awali na baiti ya 1,000 ya faili jipya, na kila zinapotofautiana huandika namba ya mahali, urefu wa badiliko, kisha baiti mpya zenyewe. Tuseme ndani ya mchezo mna maneno "Open the door". Ukihesabu pamoja na nafasi, ni herufi 13, na "Fungua mlango" kwa bahati nzuri nayo ni herufi 13, hivyo badiliko hilo hukaa mahali pake bila kusukuma chochote. Sasa chukua "Go home", yenye herufi 7, uigeuze kuwa "Nenda nyumbani", yenye herufi 14. Herufi 7 za ziada husogeza kila kilichoko mbele yake kwa baiti 7, zikiwemo picha na sauti ambazo hukuzigusa, na programu isiyojua kwamba vitu vimesogea tu huviona vyote kuwa vipya, ikavinakili. Kwa hesabu ya MB 14 na MB 11, nakisia kwamba sentensi yako ya kwanza iliyorefuka iko karibu na MB ya 3, na vilivyofuata karibu vyote ni kazi ya wenye mchezo, iliyonakiliwa ndani ya kiraka chako pasipo wewe kukusudia.

IPS ina udhaifu mwingine. Huandika mahali kwa baiti 3 tu, kwa hiyo haifai kwa mafaili yanayozidi MB 16, na haina njia ya kuhakiki kwamba mpokeaji analo faili lile lile la awali. Niliwahi kumpa rafiki kiraka nilichokitengeneza kwa toleo tofauti na lake. Programu haikulalamika hata kidogo, na mchezo ulipofunguliwa kioo kilikuwa cheusi. Lawama ilikuwa yangu.

Kwa kazi yako tumia programu ya xdelta3, au inayotengeneza viraka vya BPS, aina nyingine ya kiraka, kwa njia ya "delta". Hizi hutambua vipande vilivyosogea, na badala ya kuvinakili huandika agizo fupi, kwamba chukua baiti kadhaa kutoka faili la awali kuanzia mahali fulani, kisha ongeza baiti hizi mpya. Mpangilio ambao xdelta3 huutumia huitwa VCDIFF, na ulielezwa rasmi katika waraka wa RFC 3284 wa mwaka 2002. BPS nayo hubeba namba za uhakiki za faili la awali, za faili jipya na za kiraka chenyewe, hivyo mwenye toleo lisilolingana huambiwa mapema. Katika dirisha la amri utaandika hivi:

xdelta3 -e -s awali.dat jipya.dat kiraka.xdelta

naye mwenzako ataandika:

xdelta3 -d -s awali.dat kiraka.xdelta jipya.dat

Yape mafaili majina ya kawaida kabla ya kuanza, kwa sababu xdelta3 huyahifadhi majina hayo ndani ya kiraka, na jina lako au la shule halina haja ya kusafiri nacho.

Kipimo cha usalama kimo katika ukubwa. Maandishi ya Kiswahili kwa kawaida hutumia baiti moja kwa kila herufi, basi ukiyaweka peke yake katika faili la matini yakawa KB 60, kiraka nacho kinapaswa kuwa cha kadiri hiyo au chini yake. Kikifika MB kadhaa, mara nyingi sababu ni kwamba faili la mchezo limebanwa, kama yalivyo mafaili ya zip: badiliko la herufi moja ndani ya faili lililobanwa linaweza kuvuruga mfuatano wa baiti zinazofuata. Lifungue kwanza, kisha tengeneza kiraka cha faili la maandishi lililomo ndani. Picha ya JPEG au wimbo wa MP3 uliohifadhiwa upya hauna dawa ya namna hiyo, kwani faili lote huandikwa upya.

Huenda pia ukashauriwa kutumia programu zinazochanganya mafaili mawili kwa hesabu ya XOR, inayounganisha baiti ya faili moja na ya jingine kuwa moja, eti matokeo hayasomeki. Jihadhari nazo: popote faili lako jipya lina baiti za sifuri, matokeo huwa ni baiti za faili la awali, waziwazi.

Kuhusu sheria, mimi ni fundi wa programu, si wakili. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye kazi mamlaka juu ya kunakili, kusambaza, na pia kutafsiri kazi hiyo. Kiraka safi kinakuepusha na kusambaza faili la mtu. Ruhusa ya tafsiri hakikupi. Waandikie wenye mchezo, uwaambie kwamba kila mpokeaji sharti awe na nakala aliyoinunua, na jibu lao ulihifadhi. Ikiwa faili lina kufuli la kiufundi, usilivunje, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inakataza.

Ruhusa ikishapatikana, jaribu kiraka kwenye kompyuta nyingine yenye nakala isiyoguswa, ulinganishe alama ya SHA-256 (namba inayokokotolewa kutokana na faili zima, kama alama ya kidole) ya faili lililotoka na ya faili lako, herufi zote 64. Zikilingana, mtumie mwenzako kiraka pamoja na alama ya SHA-256 ya faili la awali, ili ahakikishe toleo lake kabla ya kukibandika.