SUV ya familia: kabla ya kubishana kuhusu jina la gari, angalia gredi

Ndugu na marafiki wanaotafuta gari la familia huniuliza RAV4 au CR-V, Forester au CX-5. Nami huwarudishia swali: gredi gani, yaani toleo lipi la gari hilo kwa kiwango cha vifaa vyake? Wengi hushangaa, maana wanachukulia gredi kuwa suala la mapambo tu, siti za ngozi au za kitambaa. Kumbe magari mawili yenye jina moja, umbo moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana kuliko magari mawili ya kampuni zinazoshindana.

Chukua Honda CR-V ya kizazi kilichoanza mwaka 2017, kama ilivyouzwa Marekani. Gredi ya chini, LX, ilikuwa na injini ya lita 2.4 isiyo na turbo. EX na zilizo juu yake zilikuwa na injini ya lita 1.5 yenye turbo. Honda Sensing, yaani ule mfumo unaofunga breki wenyewe unapokaribia kugonga gari la mbele na kukurudisha kwenye mstari ukianza kupotoka, ulianzia EX, LX haikupewa. Halafu toleo la mwaka 2020 lisilo la mseto (hybrid) likaja na injini ya 1.5 na Honda Sensing kwa gredi zote. Maana yake LX ya 2018 na LX ya 2020 zinafanana machoni, beji ni ileile, lakini kwa mzazi anayebeba watoto ni magari mawili tofauti. Anayelinganisha majina na bei peke yake hawezi kuliona hilo.

Tulipoanza kutafuta letu, mimi na mke wangu tulikubaliana tusifungue kipeperushi chochote mpaka tuandike vitu ambavyo familia yetu ingevigusa kila siku. Tuna watoto watatu, wawili bado wanakaa kwenye viti vya watoto, na mama yangu anaishi nasi na magoti yanamsumbua. Orodha ilitoka fupi na isiyo na mvuto: mlango wa nyuma unaofunguka kwa upana, matundu ya hewa ya AC yanayofika siti za nyuma, nanga za ISOFIX, vyuma vya kufungia viti vya watoto, zinazofikika bila kuchubua vidole, buti linalomeza kigari cha mtoto bila kulaza siti, siti ya mbele yenye kimo ambacho mama hapandi wala hashuki bali anakaa tu. Hakuna aliyeandika rimu za inchi 19. Hakuna aliyeandika paa la kioo, ingawa mwanangu mkubwa alijaribu kulipenyeza baadaye.

Orodha ya namna hiyo ndiyo kinga yako, kwa sababu ngazi za gredi zimepangwa na watu wanaoijua kazi yao. Kitu unachokihitaji huwekwa kwenye kifurushi kimoja na vitu vitatu usivyovihitaji. Unataka sensa ya kukuonya kuna gari ubavuni usikoweza kuliona? Vizuri, panda ngazi moja, na huko utapewa pia taa za rangi ndani ya milango na usukani wenye joto. Ukishajua unachokifuata, unasimama pale kinapopatikana. Usipojua, utapanda ngazi hadi pesa ikuishie.

Njia ninayoitumia ni kutosoma jedwali lote la gredi. Nasoma tofauti tu, ngazi kwa ngazi: kutoka hii kwenda hii, nini kimeongezeka? Na nini kimeondoka? Swali la pili ndilo watu hawaliulizi, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba gredi ya juu ina kila kilichoko chini pamoja na nyongeza. Si hivyo.

Mfano wa wazi ni idadi ya siti. Honda Pilot ya kizazi kilichoanza mwaka 2016 inabeba watu 8 katika gredi ya LX, lakini Elite ya juu inabeba 7, kwa sababu benchi la safu ya kati limeondolewa na kuwekwa viti viwili vinavyojitegemea. Toyota Highlander ya kizazi cha 2020 ilifuata mtindo huohuo: LE watu 8, Platinum watu 7. Viti viwili ni vizuri kwa watoto wanaogombana, na mtu anapita katikati kwenda safu ya nyuma bila kukunja chochote. Lakini familia yenye watoto watatu wadogo inaweza kulipa zaidi na kujikuta mtoto mmoja amehamishiwa safu ya mwisho, mbali na mkono wa mzazi.

Hata simu zina kichekesho chake. Hyundai Tucson ya 2022 yenye skrini ndogo ya inchi 8 iliunganisha CarPlay na Android Auto, mifumo inayoleta programu za simu kwenye skrini ya gari, bila waya. Gredi za juu zenye skrini ya inchi 10.25 zilidai waya. Si jambo la kukosesha mtu usingizi, ila linaonyesha kwamba ukubwa wa bei hauhakikishi kitu. Na kama simu yako inaongoza njia vizuri, ramani iliyojengwa ndani ya gari ni kitu cha mwisho kabisa ambacho ningelipia.

Halafu kuna uzito wa mzigo. Paa la kioo, viti vya umeme, mlango wa buti wa umeme, rimu kubwa, vyote vina kilo zake, na uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari lote mara nyingi haubadiliki. Kinachopungua ni uzito wa watu na mizigo yao. Magari mengi yana kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachotaja kiasi hicho. Kisome kwenye gari lenyewe unalonunua, si kwenye tangazo. Watu saba wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 490 kabla hata sanduku moja halijaingia. Kwa SUV nyingi za ukubwa wa kati zenye safu tatu, hapo nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Sasa matairi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mabishano na shemeji yangu yalipokuwa makali. Toyota RAV4 ya kizazi cha 2019 katika gredi za LE na XLE ilivaa 225/65R17. Limited ilivaa 235/55R19. Namba ya kati ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana wa milimita 225, yaani kama milimita 146. Kwa tairi la inchi 19 hesabu inatoa kama milimita 129. Umepoteza milimita 17 za mpira na hewa, kitu kinachomeza mashimo kabla mshtuko haujafika kwenye rimu, kwenye bushi na kwenye mgongo wa bibi aliyekaa nyuma. Shemeji alisema tairi lenye ukuta mfupi linashika kona vizuri zaidi, na ni kweli. Lakini sijui ni kona gani ninayoikata kwa kasi huku mtoto amelala na mwingine ana chupa ya juisi mkononi. Tairi la inchi 17 kwa kawaida ni rahisi kulipata na bei yake ni nafuu, na yanabadilishwa manne, si moja. Rimu kubwa zinapendeza, sikatai. Mimi nalipia utulivu.

Kuhusu usalama, nyota peke yake hazitoshi. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalogongesha magari kwa majaribio tangu miaka ya 1990, huangalia pia vifaa vinavyokuja na gari bila malipo ya ziada, na tangu 2016 gari linaweza kupewa alama mbili: moja kwa gari la kawaida, nyingine kwa lenye kifurushi cha usalama cha kuongeza. Muuzaji ataitaja ile ya juu. Uliza alama hizo ni za gari gani hasa. Huko Marekani, IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayofadhiliwa na kampuni za bima, ilianza kupima taa za mbele mwaka 2016, na walipozifikia SUV ndogo, kati ya magari 21 hakuna hata moja lililopata daraja la juu kabisa. Lililonigusa mimi zaidi ni jingine: gari lilelile liliweza kupata madaraja tofauti kulingana na gredi, kwa kuwa taa si zile zile. Tunazungumza sana mifuko ya hewa na kusahau kwamba usiku, kinachomwokoa mtoto anayevuka ni dereva kumwona mapema. Kwa hiyo nenda kalijaribu gari usiku, ukiweza. Nilifanya hivyo na gredi mbili za gari moja, na tofauti ya mwanga ilikuwa kubwa kuliko tofauti nyingine yoyote tuliyoiona mchana.

Kipimo changu kingine ni hiki: kitu hiki naweza kukiongeza baadaye kwa fundi? Redio nzuri, kamera ya nyuma, vifuniko vya siti, mazulia, keria ya juu, hata rimu, vyote vinaongezeka. Mifuko ya hewa ya pembeni inayofika safu ya tatu haiongezeki. Rada ya breki zinazojifunga zenyewe haiongezeki kwa namna ambayo ningeiamini. AC ya nyuma yenye matundu yake na kidhibiti chake, mota ya kusukuma magurudumu ya nyuma, nanga za viti vya watoto, hivyo huzaliwa na gari. Pesa ya kupanda gredi iende kwenye kundi hili. Kundi la kwanza lisubiri.

Mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne nao unahitaji kutazamwa bila mahaba. Kama unapita kwenye matope, mchanga au milima yenye utelezi mara kwa mara, chukua. Kama safari zako ni lami, unabeba uzito, unakunywa mafuta zaidi, na unaongeza difu ya nyuma inayohitaji oili yake. Na haufupishi umbali wa kusimama, maana magari yote yanafunga breki kwa magurudumu manne. Matairi mazuri yatakusaidia zaidi hapo.

Angalia pia spea. Gredi moja inaweza kuwa na tairi kamili la akiba chini ya sakafu ya buti, nyingine ya gari hilohilo ikawa na tairi jembamba la muda, au kichupa cha dawa na pampu tu. Inua zulia la buti mwenyewe. Usiulize.

Nyumba yenye mpango wa kulikalia gari muda mrefu ina sababu ya ziada ya kuogopa umeme mwingi. Paa la kioo lina mirija midogo ya kupitisha maji ya mvua. Ikiziba na uchafu, maji yanatafuta njia ndani. Mlango wa buti wa umeme una mota na sensa. Kamera iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele inaweza kuhitaji kupangwa upya kila kioo kinapobadilishwa, na kazi hiyo haifanywi na kila fundi. Kamera hiyo naikubali kwa sababu ya kazi inayofanya. Paa sikulikubali, hasa baada ya kukaa siti ya nyuma na kugundua kuwa fremu yake imeshusha dari mpaka kichwa changu kikawa jirani nayo mno.

Mwisho wa hesabu zetu tulisimama kwenye gredi ya pili kutoka chini, na kwa magari mengi niliyolinganisha tangu hapo ndipo ninapowashauri watu waanze kutazama. Ya chini kabisa mara nyingi imepunguzwa kitu kimoja cha maana ili bei ya kwenye tangazo ivutie. Zaidi ya ya pili, kinachoongezeka huwa ni ngozi, mwanga na muziki. Zipo tofauti: kama safu ya tatu itatumika kila siku, huenda AC ya huko nyuma inaanzia gredi ya tatu, na hapo panda bila kujilaumu.

Unapokwenda kulijaribu, dai gredi uliyoichagua. Muuzaji atakuletea ya juu kwa sababu ndiyo aliyoiosha, na utaendesha injini, matairi na siti ambazo hutazipata. Nenda na viti vya watoto na uvifunge vyote kwa pamoja. Vitatu kwa safu moja ni mtihani ambao SUV nyingi hushindwa, na hakuna jedwali linaloandika hivyo. Nenda pia na mtu mzima kuliko wote nyumbani. Mama yangu alikataa gari moja kwa kukaa tu na kusema, "Hapa mtanibeba."

Na kama gari limeshatumika, usiamini beji ya nyuma. Beji inauzwa dukani na hubandikwa kwa gundi. Chukua namba ya chesisi, mpelekee muuzaji wa vipuri wa kampuni hiyo aiingize kwenye mfumo wake, naye ataweza kukuambia gari lilitoka kiwandani na injini gani, taa gani na vifaa gani. Kisha washa gari, ubonyeze kila kitufe, kisha tafuta vile vitufe ambavyo nafasi yake ipo lakini vimezibwa kwa plastiki tupu. Vikiwa vingi kwenye gari linalouzwa kama gredi ya juu, rudisha ufunguo.